Kabla Hamjanunua Samaki wa Sebuleni

Mmehamia kwenye nyumba yenu ya kwanza. Sofa zimefika, mapazia yametundikwa, TV iko mahali pake. Imebaki ile kona moja kati ya dirisha na kabati, iko wazi tu. Mmoja wenu anasema tuweke maua. Mwingine anasema hapana, tuweke tangi la samaki! Wazo linapendeza, na Jumamosi inayofuata mko dukani mbele ya vioo mnanyoosha vidole: "Yule mwekundu! Na yule mwenye mkia mrefu! Na yule anayesafisha kioo, lazima tumchukue!"

Hebu subirini kidogo.

Mimi na mume wangu tunafuga samaki mwaka wa tisa sasa, kwenye tangi la lita 54 tu, na marafiki wanaoanza hunipigia simu kuomba ushauri. Tatizo ni kwamba simu nyingi haziji siku ya kununua. Huja wiki mbili baadaye, saa tatu usiku, sauti iko chini: "Shoga, wamekufa sita. Na mwenzangu hataki hata kuongea na mimi." Maana hapo kesi imeshaacha kuwa ya samaki. Imekuwa ya "nilikwambia" na "wewe ndiye uliyewataka".

Nimesikiliza kesi hizi nyingi, na ninachokiona ni kwamba mara nyingi hakukuwa na uzembe wowote. Watu waliwapenda samaki wao na waliwalisha. Ila walichagua kwa macho, wakachukua samaki wasiofaa tangi lile, maji yale na maisha ya wale wawili. Basi mwezi huu tuzungumze kuhusu kuchagua, kwa sababu samaki ni kiumbe hai, na mkishamleta nyumbani hana pengine pa kwenda.

MTAZAMENI ALIVYO MTU MZIMA

Karibu kila samaki anayeuzwa dukani ni mtoto. Urefu wake ni sentimita tatu, nne, tano. Ukimwona hivyo unaona wote wanatoshana. Lakini huyo wa leo siye mtakayeishi naye mwaka kesho.

Chukua oska, samaki wa Amerika ya Kusini mwenye madoadoa ya rangi ya chungwa na macho yanayokufuata ukipita. Dukani anatosha kiganjani. Akilishwa vizuri, ndani ya mwaka mmoja hivi anakaribia au kupita sentimita 25, na anameza mwenzake yeyote anayeingia mdomoni. Au pleko, yule anayeshikilia kioo kwa mdomo, anayesifiwa kwamba "anafanya usafi". Pleko wa kawaida anaweza kupita sentimita 30, na huo usafi wake anaudai malipo: anajisaidia kuliko wote mle ndani.

Na samaki wa dhahabu? Najua, ndiye tuliyemwona kwenye katuni akizunguka kwenye bakuli la mviringo. Jamani, bakuli lile ni adhabu. Samaki huyu alianza kufugwa China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na alifugwa kwenye mabwawa. Anayetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 20, aina ya kawaida hufikia hata sentimita 30, anapenda maji ya baridi kidogo na anachafua maji haraka. Ukisikia mtu anasema "wangu walikaa miezi mitatu tu, ndiyo maisha yao", ujue hayakuwa maisha yao.

Rafiki yangu mmoja aliambiwa na muuzaji kwamba samaki "hukua kulingana na tangi". Maneno hayo yanazunguka sana mitaani. Ukweli ni kwamba samaki aliyebanwa kwenye maji machafu hudumaa, mgongo unaweza kupinda, na anakufa mapema. Huko siyo kulingana na tangi. Huko ni kuteseka.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe: "Akikomaa anafika sentimita ngapi?" Kwa tangi la lita 50 hadi 60, mimi sichukui samaki anayezidi sentimita tano au sita.

MAJI YENU YANA NENO LAO

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba maji siyo maji tu. Kuna maji magumu, yaliyobeba chokaa na madini mengine, yale ambayo sabuni haitoi povu vizuri na birika linaota ukoko mweupe. Na kuna maji laini. Kila samaki ana maji aliyozaliwa nayo, na mwili wake umejengwa kwa hayo.

Wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, neoni, asili yao ni mito ya Amazon, maji laini sana. Gapi anapenda maji magumu kiasi. Samaki wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji yenye kiwango cha pH kinachokaribia 9. Ukimweka neoni kwenye maji ya Tanganyika, utakuwa unamlipia kifo cha polepole.

Sasa nyumbani kwenu mnatumia maji gani? Maji ya bomba yana klorini ya kuua vijidudu, nayo huunguza matamvua ya samaki. Mkiyaacha kwenye ndoo wazi kwa saa 24, klorini ya kawaida huondoka, au mtumie dawa ya kuiondoa inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Kama mnachota kisima, maeneo mengi ya Dar es Salaam na Pwani maji yake ni magumu, mengine yana chumvi kabisa. Kabla ya kuchagua, nunueni vipimo vya maji, vile vikaratasi au vichupa vya matone. Dakika tano tu, na mtakuwa mnajua ni samaki gani wa kumpigia hesabu na yupi wa kumtazama dukani tu mkaondoka.

Usisahau na joto. Samaki wengi wa nchi za joto wanataka nyuzi 24 hadi 27. Dar miezi mingi hamhitaji hita; tatizo ni Januari na Februari, maji yakipanda hadi nyuzi 30, maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Wa Arusha, Iringa, Mbeya na Nairobi, nyinyi hita ni lazima.

SISI TULIVYOELEWANA

Mume wangu ni mtu wa Kigoma. Amekulia Ujiji, na tulipooana alikuwa ana mwaka mmoja tu Dar, mji aliokuja kwa sababu ya kazi. Wazo la tangi lilikuwa lake. Alitaka frontosa, yule samaki wa Tanganyika mwenye mistari meusi na nundu kichwani. Mimi nilitaka gapi wa rangi rangi, nione uhai sebuleni nikitoka kazini.

Tulikaa mezani na karatasi. Frontosa dume anapita sentimita 30, anaishi miaka mingi, na usiku anawinda samaki wadogo. Maana yake gapi wangu wangekuwa chakula cha jioni, na yeye mwenyewe angehitaji tangi la lita 400 na zaidi. Sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili. Karatasi haikuwa na huruma.

Ningeweza kusema, "Unaona? Basi tuchukue wangu." Lakini nilimtazama, nikaelewa kuwa hakuwa anadai samaki. Alikuwa anataka kipande cha kwao kwenye nyumba ambayo kila kitu kingine nilikichagua mimi, hadi rangi ya vikombe. Wanandoa wapya wengi tunapita hapo bila kujua: mmoja ana mji, ndugu na marafiki, mwingine ana begi lake tu.

Basi swali likabadilika. Halikuwa tena frontosa au gapi. Likawa: ni samaki gani wa Tanganyika anaweza kuishi kwa heshima ndani ya lita 54?

Na yupo. Jina lake la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus, ndugu wa mbali wa sato na perege, na ni mmoja wa sikilidi wadogo kuliko wote duniani. Dume anafika sentimita nne au tano, jike hata hazifiki. Ana michirizi myembamba ya kahawia na macho ya buluu, na anapatikana Ziwa Tanganyika peke yake. Nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Kule ziwani makombe yamelala chini kwa maelfu, na samaki hawa wanaishi humo kwa ukoo: baba, mama, shangazi na watoto, kila mmoja na kombe lake. Wanachimba mchanga kwa mdomo wapange kiwanja wanavyotaka, na wakimwona mgeni wanamfukuza hata kama ni mkono wako unaosafisha kioo.

Tulianza na sita. Mama mkwe alipokuja kututembelea, alikaa mbele ya tangi muda mrefu, kisha akamuuliza mwanawe, "Hawa vidogo hivi, mnawakaanga lini?" Tulicheka hadi machozi. Ila kabla hajaondoka ndiye aliyekuwa anatuita: "Njooni muone, huyu amemtoa mtoto nje ya kombe." Mume wangu alisimama nyuma ya mama yake, mkono begani. Sikuhitaji kuuliza kama Dar ilikuwa imeanza kuwa kwake.

WANAOFAA TANGI DOGO

Si kila mtu ana Kigoma yake. Hawa hapa ni ambao ningewapendekeza kwa lita 50 hadi 60. Chagueni kundi moja tu, msichanganye yote.

Gapi. Ni mgumu, mchangamfu na anavumilia makosa ya anayeanza. Anapenda maji magumu kiasi. Angalizo ni uzazi: jike huzaa watoto hai karibu kila mwezi, kwa makumi, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo hata ukimnunua peke yake anaweza kuzaa. Mkitaka amani, nunueni madume tu, sita hadi nane. Na ndio wenye rangi.

Beta. Samaki wa Thailand mwenye mapezi kama kanga ya sherehe. Mwaka 2019 nchi hiyo ilimtangaza kuwa kiumbe wake wa majini wa taifa. Ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, ndiyo maana wauzaji humweka kwenye chupa. Anavumilia chupa, haipendi. Madume wawili wakikutana wanapigana hadi kuumizana vibaya, kwa hiyo dume mmoja tu. Anafaa wale wenye kazi nyingi na nafasi ndogo.

Neoni. Kwa wenye maji laini tu. Ni samaki wa kundi. Wawili watatu watakuwa wamejificha kwa hofu siku nzima. Waanzie wanane. Na wasiwekwe kwenye tangi jipya, hao wanataka tangi lililokwisha kutulia.

Wa makombe wa Tanganyika. Maji magumu, mchanga laini wa kina cha sentimita tano, na makombe mengi kuliko samaki, yenye mlango wa kutosha kidole gumba. Msiwachanganye na wengine.

Nothobranchius guentheri wa Unguja. Huyu ni wetu kabisa. Anaishi kwenye madimbwi ya msimu huko Zanzibar; dimbwi likikauka anakufa, mayai yake yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua. Dume ana mkia mwekundu wa kuvutia. Maisha yake kwa kawaida hayafiki mwaka mmoja au yanazidi kidogo tu, hivyo anafaa wale wasiojua mwakani watakuwa mji gani. Anaruka, kwa hiyo tangi liwe na mfuniko. Mnunueni kwa mfugaji, msiende kumvua porini.

Mtauliza, na mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa njano na buluu? Ni wazuri kupita kiasi, lakini ni wagomvi, na wengi wanafika sentimita 10 na zaidi. Wasubirini siku mtakapokuwa na tangi la lita 200.

UCHUMBA WA WIKI SITA

Hapa ndipo wengi wanapochoka, nami nawaomba msichoke. Tangi jipya lenye maji safi kabisa siyo salama kwa samaki.

Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo ni sumu pia. Wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na mnaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huishi kwenye chujio na mchangani, na huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Mkileta samaki kumi siku ya kwanza, wanaogelea kwenye sumu yao wenyewe. Hao ndio wale sita wa kwenye simu ya saa tatu usiku.

Kwa hiyo washeni chujio, tieni punje chache za chakula kila siku ili amonia ipatikane, na mpime. Siku amonia na naitraiti zikisoma sifuri wakati naitreti inaonekana, badilisheni sehemu ya maji, kisha leteni samaki wachache wa kwanza. Wiki hizo sita ni kama uchumba: ukivumilia unaoa unayemjua. Tumieni muda huo kuangalia kama kweli mnalitaka.

MAPATANO YA WAWILI

Tangi dogo ni kazi ndogo, lakini ni ya kila wiki. Kubadilisha robo ya maji kila wiki ni kama nusu saa. Chujio linasuuzwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi, siyo bombani, kwa sababu klorini itawaua wale bakteria. Semeni mapema: nani anabeba ndoo? Nani analisha? Wawili wakilisha bila kuambiana, samaki wanakula mara mbili na maji yanaharibika. Sisi tuna kopo moja la chakula lenye kipande cha karatasi. Aliyelisha anaweka alama.

Umeme ukikatika, msilishe. Muwe na pampu ndogo ya hewa ya betri, hasa kama tangi lina samaki wengi au joto ni kali. Mkisafiri siku tatu nne, samaki wazima walioshiba hawadhuriki kukaa bila kula. Hatari zaidi ni jirani mwenye huruma atakayemwaga kopo zima.

Na uzito. Lita 54 za maji ni kilo 54. Ongeza kioo na mchanga, mnakaribia kilo 70. Meza ya TV ya mbao laini haiwezi. Mahali pawe mbali na jua la dirishani, la sivyo mtafuga mwani.

Jambo la mwisho, nalisema bila kupepesa: mkishindwa, msiwaachie samaki mtoni wala ziwani. Nchi yetu inajua gharama ya samaki mgeni. Sangara aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amechangia kupotea kwa aina nyingi za furu zilizokuwa ziwani humo pekee. Warudisheni dukani au mpeni mfugaji mwingine.

JIULIZENI HAYA KABLA YA KUTOA PESA

1. Akikomaa atafika sentimita ngapi, na ataishi miaka mingapi?
2. Maji yetu ni magumu au laini?
3. Anaishi peke yake, kwa jozi au kwa kundi?
4. Tangi limeshamaliza wiki zake na vipimo vinasema hivyo?
5. Nani atafanya nini, na tukihama je?

Kama jibu la lolote kati ya haya ni "tutaona", basi bado. Rudini nyumbani, kona ile haikimbii. Na wakati mnajadili, msikilize mwenzako anataka samaki gani, halafu muulize kwa nini. Hilo la kwa nini ndilo litakalowapa samaki wenu.